Windows 11 ofisini: tathmini ya mfumo uliofuta hisani ya zamani

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei nimekuwa nikihamisha kompyuta za ofisi, zaidi ya 80 kwa jumla, kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, nyingi zikiishia kwenye toleo la 24H2 na chache kwenye 25H2. Tathmini hii inatoka upande wa chumba cha seva. Sitazungumzia sana uzuri wa menyu wala rangi za madirisha, kwa kuwa hakuna simu hata moja iliyowahi kunifikia saa mbili asubuhi kwa sababu ya rangi za madirisha.

Uamuzi wangu nauweka mapema. Usakinishaji wenyewe ni imara kuliko nilivyotarajia, na karibu kila kilichoharibika mikononi mwangu kilikuwa kitu ambacho Windows 10 ilikuwa ikikivumilia. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa kale, folda ya pamoja isiyo na nenosiri, printa inayotumia draiva ya miaka kumi iliyopita, skripti ya kuingilia ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa na nani: vyote hivyo viliishi kwa hisani, na toleo jipya limeifuta hisani hiyo. Msimamizi anayeliona jambo hili kabla ya kuanza atatumia wiki za mwanzo kukagua mtandao wake, na anayedhani kwamba anabadilisha mfumo endeshi tu atazitumia wiki hizohizo kuomba radhi.

Masharti ya vifaa yamesemwa sana, kwa hiyo nitayapitia haraka. Inatakiwa prosesa ya biti 64 iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kwa jumla kizazi cha nane na kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, fimwea (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) ya aina mpya ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot (kukagua uhalali wa programu za kuwashia), na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Kompyuta ya kazi yenye chini ya GB 8 na inayotumia diski ya kuzunguka sishauri ipandishwe kabla ya kuongezewa RAM na kuwekewa SSD, maana itafaulu ukaguzi kisha itamtesa mwenye nayo kila anapoiwasha.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kompyuta nyingi zinazokataliwa kwa kukosa TPM zinayo, ila imezimwa. Ndani ya menyu ya fimwea huitwa PTT kwenye mashine za Intel na fTPM kwenye za AMD, na majina hayo mawili yamewafanya wasimamizi wengi kuandika maombi ya kununua kompyuta mpya bila sababu. Fungua `tpm.msc` uone hali yake, kisha fungua `msinfo32` usome mstari wa hali ya BIOS na ule wa Secure Boot. Ukaguzi wote hauchukui dakika tano, na kwangu uliokoa takriban robo ya mashine nilizokuwa nimezitia alama ya kustaafu.

Hata hivyo, kabla ya kugusa chochote ndani ya fimwea, simamisha kwa muda BitLocker, yaani ulinzi unaosimba diski nzima. Hili nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe: siku ya pili ya kazi nilisasisha fimwea za kompyuta sita bila kuusimamisha ulinzi huo, na zote sita zikaamka zikidai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Funguo za nne zilikuwa zimehifadhiwa kwenye Active Directory, saraka kuu ya kompyuta na watumiaji wa ofisi, lakini za mbili hazikuwa popote, na diski zake ilibidi zifutwe na kujazwa upya kutoka kwenye nakala rudufu. Tangu siku hiyo amri ya `Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 2` inatangulia kazi yoyote ya fimwea, na kabla yake ninahakikisha kwa macho yangu kwamba ufunguo umehifadhiwa mahali ninapoweza kuupata bila kuiwasha mashine yenyewe.

Kompyuta zilizosakinishwa zamani kwa mtindo wa Legacy, uliotangulia UEFI, huwa na diski iliyogawanywa kwa mpangilio wa kale wa MBR, ambayo haiwezi kuanza kwa UEFI. Microsoft ilitoa zana iitwayo MBR2GPT pamoja na toleo la 1703 la Windows 10, na kwa maoni yangu ndiyo zana bora kuliko zote katika safari hii, kwa sababu hubadilisha mpangilio wa diski bila kufuta data. Endesha kwanza `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, na ikikubali ndipo uendeshe ile ya `/convert`. Ikikataa, mara nyingi sababu ni kwamba diski ina sehemu kuu nne, nayo huhitaji zisizidi tatu. Sehemu ya nne huwa ni ile ya urejeshaji iliyowekwa na mtengenezaji wa kompyuta, na huweza kuondolewa baada ya nakala rudufu kuchukuliwa. Ubadilishaji ukikamilika, mashine haitawaka tena mpaka uingie kwenye fimwea na kuitoa kwenye Legacy kuiweka kwenye UEFI. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayomtisha anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, kwani skrini nyeusi inayosema hakuna diski ya kuanzia hufanana kabisa na maafa.

Sasa niingie kwenye eneo ambalo mfumo huu unapata alama ndogo kwangu, yaani ujumbe wa makosa. Usakinishaji ukishindwa, mtumiaji hupewa sentensi moja ya upole na msimbo ambao haumwelezi kitu. Ajabu ni kwamba nyuma ya sentensi hiyo kuna maelezo ya kina kuliko ambayo mtu angeomba, ila yamefichwa kwenye folda isiyoonekana ya `C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther`, ndani ya faili za `setupact.log` na `setuperr.log`. Faili hizo ni ndefu na zinachosha, kwa hiyo anza na SetupDiag, programu inayozisoma kwa niaba yako na kuandika hitimisho lake kwenye folda ya `C:\Windows\Logs\SetupDiag`. Katika mashine kumi na moja zilizonigomea, SetupDiag ilitaja chanzo halisi, hata jina la draiva, katika nyingi kati ya hizo, na muda nilioupoteza kabla ya kuijua ninauhesabu kwa usiku mzima.

Misimbo michache inafaa kukaa kichwani. Unaoanza na 0xC1900101 karibu siku zote humaanisha draiva, na dawa yake ni kuchomoa kila kifaa cha USB kisicho cha lazima, kuondoa kabisa programu ya kinga ya virusi ya kampuni nyingine badala ya kuizima tu, na kusasisha draiva za hifadhi na za mtandao kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. 0x80070070 ni ukosefu wa nafasi kwenye diski. 0xC1900208 ni programu isiyopatana na toleo jipya, na jina lake hupatikana kwenye faili za CompatData ndani ya folda ileile ya Panther. 0xC1900200 ni mashine isiyotimiza masharti. Upo pia ujumbe unaosema kwamba sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya mfumo haikuweza kusasishwa. Sehemu hiyo huwa ndogo na imejaa, na njia inayokubalika ya kuipunguzia mzigo ni kuifungua kwa `mountvol y: /s` kisha kufuta faili za herufi zilizomo kwenye `EFI\Microsoft\Boot\Fonts`, ambazo hazihitajiki ili kompyuta iwake.

Bora zaidi ni kuuliza kabla ya kujaribu. Faili ya `setup.exe` ikiendeshwa kwa vigezo vya `/auto upgrade /quiet /noreboot /eula accept /compat scanonly` hukagua mashine bila kubadilisha chochote. Ikikurudishia 0xC1900210, usishtuke: msimbo huo unafanana na kosa, lakini maana yake ni kwamba hakuna kizuizi kilichopatikana. Nani aliamua kwamba habari njema ivae nguo za habari mbaya, sijui, ila nimeshaona mwenzangu akisakinisha upya mashine nzima kwa kuusoma kinyume.

Kwa mashine zilizochoka, ambazo mfumo wake wa sasa tayari una faili mbovu, tengeneza kwanza kabla ya kupandisha. Mpangilio una maana hapa: `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` itangulie, ndipo `sfc /scannow` ifuate, kwa sababu ya pili huchukua faili nzima kutoka kwenye ghala ambalo ya kwanza hulikarabati. Wengi huzigeuza, kisha hulalamika kwamba `sfc` imepata makosa na imeshindwa kuyarekebisha.

Mpaka hapo nimezungumzia kompyuta moja moja, na hilo ndilo jambo jepesi. Kishindo kilikuja baada ya mashine ishirini za kwanza kuvuka salama kwenda 24H2, pale idara moja ilipogundua kwamba folda za pamoja hazifunguki na mashine kubwa ya kunakili haipeleki tena nyaraka zilizoskaniwa. Nilikagua rauta, nyaya, majina ya DNS na haki za folda, na vyote vilikuwa sawa. Chanzo kilikuwa kwamba kuanzia 24H2, matoleo ya Pro, Enterprise na Education yanadai kila mawasiliano ya SMB, itifaki ya kushirikiana folda mtandaoni, yatiwe saini, yanayotoka na yanayoingia, na toleo la Pro limeungana na yale mawili mengine katika kukataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Kisanduku chetu cha hifadhi ya mtandao kilikuwa kinaruhusu wageni tangu siku kilipofunguliwa, na mashine ya kunakili haikuwa imewashiwa saini. Ukikutana na ujumbe kwamba saini ya kriptografia si halali, au kwamba sera za usalama zinazuia wageni, umeshajua uko wapi.

Njia ya mkato ipo, na ni amri moja: `Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`. Niliitumia kwa siku nne ili kazi isisimame, na siku zile nne zilikuwa za deni. Saini huzuia mtu aliye katikati ya mtandao kubadilisha data inayopita au kujifanya seva, na kuizima kwa kompyuta zote ili kumridhisha mwanachama mmoja mzee wa mtandao ni sawa na kuacha geti wazi kwa sababu jirani mmoja amepoteza ufunguo. Marekebisho ya kweli yalichukua alasiri moja tu: kwenye kisanduku cha hifadhi nilisasisha fimwea, nikawasha saini na nikaunda akaunti zenye nenosiri kwa kila idara, na kwenye mashine ya kunakili nilifanya hivyohivyo kwa akaunti moja yenye haki ya kuandika kwenye folda moja pekee. Kifaa kisichojua lugha nyingine ila SMB1, toleo la kwanza la SMB, nilikiondoa bila majadiliano. Itifaki hiyo ndiyo iliyobeba WannaCry, programu haribifu ya kudai fidia, mwezi Mei 2017, na tangu toleo la 1709 la Windows 10 haisakinishwi yenyewe. Ofisi ambayo bado inaitegemea ina tatizo lililotangulia Windows 11.

Printa zina historia ya aina hiyo hiyo. Baada ya udhaifu ulioitwa PrintNightmare kujulikana katikati ya 2021, masasisho ya Agosti mwaka ule yalifanya kusakinisha draiva ya printa kutoka kwenye seva kuwe kazi ya msimamizi peke yake, na toleo la 22H2 la Windows 11 likahamisha mawasiliano ya uchapishaji kwenda kwenye RPC (njia ya programu kuitana kati ya kompyuta) juu ya TCP badala ya njia ya awali. Matokeo yake ni kwamba ngome za moto zilizopangwa kwa ajili ya njia ya zamani huzuia uchapishaji bila kusema chochote, na kosa la 0x0000011b hutokea pale seva na kompyuta zisipokuwa na kiwango kimoja cha masasisho. Ushauri unaozagaa wa kuzima ulinzi huo kwenye rejista nimeukataa. Nilisasisha seva ya printa, nikafungua milango inayohitajika, na pale ilipowezekana nikaachana kabisa na draiva za watengenezaji na kutumia draiva ya jumla ya IPP, itifaki ya kuchapisha mtandaoni, iliyomo ndani ya Windows. Baadhi ya vipengele vya printa, kama kubana karatasi kwa pini au kuhesabu kurasa kwa kila idara, vilipotea kwa njia hiyo, na ofisi inayovitegemea italazimika kupima. Kwangu mimi, tangu hapo malalamiko ya printa yamepungua mno, na kazi zilizokwama huisha kwa ile dawa ya siku zote: kusimamisha huduma ya Print Spooler, kufuta yaliyomo kwenye `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`, kisha kuiwasha tena.

Wenye toleo la Enterprise au Education waangalie pia mtandao wa Wi-Fi. Tangu 22H2, Credential Guard, kinga ya taarifa za kuingilia, huwashwa yenyewe kwenye mashine zenye vifaa vinavyotosha, na mitandao inayotumia PEAP pamoja na MSCHAPv2, njia ya kuingia kwa nenosiri, haiwezi tena kumwingiza mtumiaji kwa nenosiri lake la Windows bila kumuuliza. Anayekuja na suluhisho la kuzima Credential Guard anaahirisha tu. Vyeti vya kidijitali kwa EAP-TLS, njia ya kuingia kwa cheti badala ya nenosiri, ndiko kunakoelekewa, ingawa kuvisambaza ni mradi unaojitegemea na sitaki kujifanya kwamba niliumaliza kwa wiki moja.

Skripti nazo zipigiwe darubini. WMIC, zana ya amri ya kuuliza taarifa za kompyuta, haiwashwi tena yenyewe katika 24H2, na katika 25H2 imeondolewa pamoja na PowerShell 2.0, toleo la zamani la lugha ya skripti ya Windows. Skripti yetu ya kuorodhesha namba za utambulisho (serial) za kompyuta ilikuwa ikiitumia, na kwa wiki tatu ilituletea orodha yenye safu tupu bila kulalamika. Kuitafuta `wmic` kwenye folda nzima ya skripti na kuweka `Get-CimInstance` mahali pake ni kazi ya saa mbili, nayo ifanyike kabla.

Katika usambazaji, mfumo unapata alama kubwa. Sera inayotaja toleo lengwa humruhusu msimamizi kusema wazi kwamba mashine zake zibaki 24H2 mpaka atakapoamua vingine, na Delivery Optimization huziwezesha kompyuta za mtandao mmoja kupeana vipande vya faili badala ya kila moja kuvipakua kutoka kwenye intaneti. Hakikisha mlango wa 7680 uko wazi kati ya kompyuta hizo, kwani ukifungwa kipengele hiki hushindwa kimyakimya na laini ya intaneti hujaa. Kutoka 24H2 kwenda 25H2 ni kifurushi kidogo cha kuwasha vipengele ambavyo tayari vimo, na mashine zangu zilivuka kwa kuwashwa upya mara moja tu. WSUS, huduma ya kusambaza masasisho kutoka kwenye seva ya ofisi, bado inafanya kazi, ingawa Microsoft ilitangaza Septemba 2024 kwamba haitaiongezea mapya. Anayejenga mfumo wa masasisho kuanzia mwanzo asiifanye WSUS kuwa nguzo yake.

Kuhusu watumiaji sina mengi. Waliulizia WordPad, ambayo imeondolewa katika 24H2, na walilalamika kuhusu menyu fupi ya kitufe cha kulia mpaka nilipowaonyesha Shift+F10. Anayependa mwambaa wa kazi uwe pembeni ya skrini, kama mhasibu wetu, hakupata anachokitaka kwenye matoleo haya.

Nafasi ya kurudi nyuma hudumu siku kumi, muda ambao ni mfupi mno kwa ofisi yenye kazi za kufunga mwezi, kwa kuwa programu inayotumika tarehe 30 pekee haiwezi kujaribiwa tarehe 12. Mara tu mashine inapovuka, ninaendesha `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:45`, ambayo hukubali hadi siku 60, na ninazuia usafishaji wa diski usifute folda ya Windows.old, inayohifadhi mfumo wa awali. Mara mbili nimeitumia nafasi hiyo, zote kwa sababu ya programu moja ya mishahara ambayo mtengenezaji wake alikuwa bado hajatoa toleo linalopatana.

Mashine nne zimebaki kwenye Windows 10, na sioni aibu kulisema hilo. Zinaendesha vifaa vya maabara ambavyo kadi zake hazina draiva mpya, na mojawapo ina prosesa isiyo na amri ya POPCNT, hivyo 24H2 haiwezi hata kuwaka juu yake kwa ujanja wowote. Tumezinunulia masasisho ya usalama ya nyongeza, ambayo kwa taasisi yanapatikana kwa miaka mitatu hadi Oktoba 2028 na ambayo bei yake huongezeka maradufu kila mwaka. Nimeziweka kwenye VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) ya peke yake isiyofika kwenye intaneti isipokuwa kuchukua masasisho hayo, na matokeo ya vipimo huchukuliwa na seva ndogo inayozifuata yenyewe, kwa SMB iliyotiwa saini.